Mpangaji wa Kibera Naye Anastahili Waya wa Shaba

Mtu akija kwangu hapa Kawangware kutaka sola, huanza na paneli: ya wati ngapi, imetoka wapi, dhamana yake ni ya miaka mingapi. Kisha huja betri, na hapo tunakaa sana kwa sababu betri ndiyo inayokula hela. Waya huulizwa mwishoni, pesa zikiwa zimebaki kidogo, na swali huwa moja tu: huna wa bei ya chini? Nimefunga stima na sola huku na Kibera kwa miaka mingi, na nasema mpangilio huo umepinduka. Waya unafaa kutengewa pesa siku ile ile paneli inapotengewa.

Sababu iko kwenye volti. Televisheni ya wati 60 ikiwashwa kwa stima ya volti 240 huvuta robo ampea. Iwashe kwa betri ya volti 12, itavuta ampea 5, yaani mara 20 zaidi. Upotevu ndani ya waya nao hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, kwa hivyo mkondo mara 20 huleta upotevu mara 400 katika waya ule ule. Ndiyo maana fundi hodari wa stima ya kawaida anaweza kumharibia mtu sola bila kujua. Macho yetu mtaani yamezoea nyaya za sambaza, yaani stima ya kuungwa kinyemela, zile nyembamba zinazopita juu ya vichochoro vya Gatwekera na Laini Saba kule Kibera, zimeungwa na kuungwa tena, na bado taa zinawaka. Fundi akiuchukua waya wa namna hiyo na kuufunga kwenye volti 12, mteja ndiye atakayelia.

Nina mteja kinyozi kule Kawangware 56. Paa lake limefunikwa na kivuli cha ghorofa ya jirani, kwa hivyo paneli yake ya wati 150 iliwekwa kwenye ploti ya pili, mita 12 kutoka betri ilipo. Umeme huenda na kurudi, basi hesabu ni mita 24. Aliyemfungia alitumia waya wa milimita mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani. Jua likiwa kali, paneli hiyo hutoa ampea 8 na ushee, na waya wa unene huo kwa urefu huo unameza volti 2.3. Mgongoni mwa paneli pameandikwa volti 18, lakini ikishapata joto juu ya mabati hushuka hadi 16 hivi. Toa zile 2.3, unabaki na 13.7, ilhali betri ya asidi inataka kama 14.4 ili ijae. Ikikaribia kujaa, basi, inachaji kwa kujikokota, na jua la Julai, ambalo Nairobi hulipata kwa vipande, linatua kabla kazi haijaisha. Betri isiyojaa siku baada ya siku hushika salfeti kwenye sahani zake na kufa mapema. Mwenyewe aliamini ameuziwa betri mbovu, na alikuwa ameanza kuweka akiba ya nyingine. Tulibadilisha waya peke yake, tukaweka wa milimita mraba 6, na upotevu ukashuka chini ya volti 0.6. Betri ni ile ile hadi leo.

Hesabu hiyo ni ya shaba safi. Katika baadhi ya maduka yetu kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, na kwa macho huwezi kuutofautisha. Alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Chukua wembe, ukwangue uzi mmoja: rangi nyeupe ikitokea, umeshajua. Hata mkono unaweza kukuambia, kwa kuwa alumini ina uzito wa thuluthi moja tu ya shaba, na roli yake ni nyepesi kuliko inavyofaa. Nimewahi kumwona mama wa nasari kule Lindi ya Kibera akipima waya mkononi namna hiyo mbele ya muuzaji, na muuzaji akaenda kuleta mwingine bila kuulizwa.

Kuna jambo la jua lenyewe. Nairobi iko karibu na ikweta, na iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo miale inayotuangukia ni mikali. Waya wa ndani ya nyumba ukilazwa juu ya mabati, ganda lake la plastiki hukauka na kupasuka, kisha makali ya bati hufika kwenye shaba. Waya wa sola una maganda mawili yaliyotengenezwa kuvumilia jua na joto, na maandishi yake huonyesha hivyo kila baada ya hatua chache. Hapo sitaki mjadala wa bei na mteja. Sehemu inayokaa nje nafunga wa sola, ama nachukua begi langu naondoka.

Nasema hivyo kwa sababu ya moto. Stima ya kawaida hubadili mwelekeo, hupita sufuri mara 100 kila sekunde, na cheche inayoruka kwenye swichi hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli na betri haupumziki. Kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kufungwa kwa karatasi ya nailoni kinaweza kutoa cheche inayoendelea kuwaka, tena betri ikishikana ncha kwa ncha humwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Fyuzi inastahili kukaa karibu kabisa na betri, kabla waya haujaanza safari. Katika nyumba za mabati na udongo zilizogusana ukuta kwa ukuta, mahali ambapo gari la zimamoto haliwezi kupita, moto wa nyumba moja huwa ni wa safu nzima.

Wapo wanaosema watu wetu hununua waya duni kwa sababu ya ujinga. Nakataa. Walio wengi huku ni wapangaji, na mpangaji hununua anachoweza kuhama nacho. Paneli atashuka nayo, betri ataibeba, lakini waya umepigiliwa misumari na kupitishwa ndani ya udongo, utabaki wa lendilodi. Nani atamnunulia lendilodi shaba ya milimita mraba 6? Akili yake ni timamu kabisa, na sisi mafundi ndio tunaopaswa kumjibu. Mimi hufunga waya kwa klipu za skurubu, hauingii ukutani, na urefu wote huwa kipande kimoja kisicho na kiungo. Akihama, anaukunja na kwenda nao. Waya ukishakuwa mali yake, habani tena pesa zake.

Serikali nayo ina deni. Kanuni za sola za mwaka 2012 zilitaka kila anayefunga mifumo hii awe na leseni, na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, ndiyo inayotoa leseni hizo siku hizi. Kijana wa Kianda, Kibera, anayefunga paneli tatu kwa wiki hajawahi kuombwa leseni, wala hajui pa kuanzia. Kumkamata kutamfanya ajifiche tu. Afunzwe na kutahiniwa hapa hapa mtaani, kwa ada anayoimudu. KEBS, wale wa shirika la viwango, nao waje wakwangue nyaya kwa wembe katika maduka ya Toi, Makina na Kawangware, na iwe marufuku kumuuzia mtu waya kwa mita bila kumwonyesha roli na maandishi yake. Mwenye shilingi za mita tano ana haki ya kujua anachonunua sawa na anayebeba roli nzima, na kwa sasa ni yule wa roli peke yake anayeiona lebo.