Kodi ya mapato na mirathi: uadilifu kwa familia



Hapana dola inayoendeshwa bila fedha. Barabara, shule na zahanati zahitaji mapato, na kulipa kodi ya haki ni katika kutimiza ahadi baina ya raia na serikali yake. Suala linalotuhusu leo ni hili: je, mzigo huo unagawanywa kwa uadilifu baina ya familia na familia?

Tuanze na mishahara ya Tanzania Bara. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo za mshahara wa mwezi hazitozwi kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, kisha asilimia 20 hadi 760,000, asilimia 25 hadi 1,000,000, na asilimia 30 kwa kinachozidi.

Sasa tuzitazame nyumba mbili. Katika ya kwanza, baba peke yake analipwa shilingi 1,000,000, naye analisha mke, watoto na mama yake mzee. Katika ya pili, mume na mke kila mmoja analipwa 500,000, nao hawana mtoto. Kabla ya kuhesabu michango ya hifadhi ya jamii, nyumba ya kwanza inakatwa 128,000 na ya pili 36,800. Mapato ni sawasawa, ilhali nyumba yenye walaji wengi inalipa zaidi ya mara tatu.

Sababu ni kwamba sheria inamtazama mchumaji, haiwatazami wanaomtegemea. Yawezekana mtu akasema basi mapato ya mume na mke yajumlishwe. Hiyo si tiba. Kwa viwango hivi hivi, nyumba ya pili nayo ingelipa 128,000, na ya kwanza isingepata nafuu hata ya shilingi moja. Isitoshe, katika Sharia mali ya mke ni yake mwenyewe, na wajibu wa matumizi ya nyumba uko juu ya mume. Lililo karibu zaidi na haki ni kuongeza kiwango kisichotozwa kwa kila mtoto na mzazi anayelelewa. Mafaqihi wa madhehebu ya Hanafi wameshurutisha kwamba mali ya zaka iwe imezidi mahitaji ya msingi ya mtu na wale walio chini yake. Msingi huo unafaa kuzingatiwa na watunga sheria.

Ama mirathi, Tanzania haitozi kodi juu ya urithi. Lakini kodi aliyodaiwa marehemu katika uhai wake ni deni, na deni hutangulia mgao, kama zinavyobainisha aya ya 11 na ya 12 za Suratun-Nisaa. Msimamizi wa mirathi asigawe kitu kabla ya kulilipa.

Kwa ndugu zetu wenye asili ya Zanzibar na mwambao wanaoishi Uingereza, hali ni nyingine. Huko mali inayozidi pauni 325,000, kiwango ambacho hakijapandishwa tangu 2009, hutozwa asilimia 40, ingawa nyumba ya kuishi inayoachiwa watoto huongezewa nafuu ya hadi pauni 175,000. Anachoachiwa mke au mume kwa kawaida hakitozwi. Muislamu mwenye watoto humwachia mke thumni, yaani 1/8, na kilichobaki huwaendea warithi wengine. Kwa hiyo mali yake huweza kutozwa mapema, wakati jirani aliyemwachia mkewe kila kitu hatozwi siku hiyo. Tena kodi huhesabiwa juu ya mali yote, si juu ya fungu la kila mrithi: watoto saba wanaogawana nyumba moja hutozwa sawa na mtoto mmoja aliyeirithi peke yake. Kasoro ni ile ile tuliyoiona katika mishahara.

Nasaha yetu kwa walioko huko ni mbili. Kwanza, wasajili ndoa zao serikalini, kwani nikaha ya msikitini peke yake haimpi mke msamaha huo wa kodi. Pili, waandike wasia mapema kwa msaada wa mwanasheria anayeelewa faraidh. Na kwa waliopo nyumbani, hoja ya wategemezi ifikishwe kwa wabunge kabla ya bajeti kusomwa mwezi Juni, kwa hesabu na kwa adabu.

Wabillahi Tawfiq.