Bi harusi, uliza mpira wa filta unaishia wapi

Siku hizi filta ya maji imeingia kwenye vyombo vya bi harusi pamoja na friji na blenda. Hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni ule mpira mwembamba wa maji ya kumwaga, ambao hakuna anayeuuliza mpaka fundi keshaondoka.

Filta za RO, zile zinazotoa hadi chumvi, za nyumbani nyingi humwaga lita 3 au 4 kwa kila lita 1 ya kunywa. Mwenzetu aliyeolewa Iringa alifungiwa yake, fundi akautumbukiza mpira ndani kabisa ya bomba la sinki, chini ya ule mkunjo unaozuia harufu. Jiko likaanza kunuka. Kisha bomba likaziba, mdomo wa mpira ukazama kwenye maji ya masufuria. Uchafu ule unaweza kuvutwa kurudi kwenye filta, na wewe unadhani unakunywa maji safi!

Kama lazima uunganishwe, uingie juu ya mkunjo, na mdomo wake usiguse maji taka. Liachwe pengo la hewa, sentimita 2 na nusu hivi, maji yadondoke.

Lakini sisi tunasema ndoo kwanza. Nyumba inayokunywa lita 10 kwa siku inamwaga 30 mpaka 40, na wenye shimo la maji taka wanajua gharama ya kulinyonya. Tokea chuoni tunafundishwa tusifanye israfu ya maji hata katika udhu, seuze haya! Wala si najisi: ni yale yale ya bomba, chumvi ndiyo imezidi. Yanapiga deki, yanaloweka nguo, yanasafisha choo.

Na wewe unayekwenda Mbeya, pima kwanza kabla ya kununua. RO inawafaa hasa wenye visima vya chumvi kama vyetu vya pwani. Maji ya milimani kwa kawaida hayana chumvi nyingi. Tabu yake ni tope la masika na vijidudu, na hayo huondoka kwa kuchuja na kuchemsha. Tena baridi ya Juni na Julai huifanya RO itoe maji polepole mno.

Mwenzetu alimwita fundi mwengine, mpira ukatolewa. Sasa ndoo iko chini ya sinki, na mama mkwe ndiye wa kwanza kuikimbilia akitaka kupiga deki.