Meya aliyekataa saa ya mlangoni

Kijana mmoja anayepanga mizigo ghalani aliniambia juzi kwamba kinachomchosha kazini si maboksi, ni ile mashine ya kugonga kadi. Ukichelewa dakika tatu, unakatwa robo saa. Nikamkumbuka Samuel Jones.

Huyu naye alikuwa mtoto wa wahamiaji. Alizaliwa Wales mwaka 1846, na akiwa na miaka mitatu wazazi wake walivuka naye bahari, wakatua jimbo la New York wakiwa hawana kitu. Kwa hesabu yake mwenyewe, shule alisoma kama miezi 30 tu maisha yake yote. (Wanafunzi, hii msiipeleke kwa wazazi wenu kama hoja!) Kazi za vibarua alizianza utotoni, na alipofika miaka 18 akaelekea Pennsylvania kwenye visima vya mafuta. Huko alijua maana ya kuomba kazi na kufukuzwa mlangoni.

Baadaye mafuta yakampa mali. Mwaka 1894, katika mji wa Toledo, Ohio, akafungua kiwanda cha fito za chuma, zile zinazoshushwa kisimani kuendesha pampu. Wenzetu wa visimani huko Ghuba wanazifahamu.

Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka mwaka uliotangulia. Kila siku wanaume wazima walimjia wakiomba kazi yoyote, kwa ujira wowote. Tajiri mwingine angeona hapo bahati ya vibarua wa bei ya chini. Jones aliona aibu. Viwanda vya wakati ule vilibandika ukutani orodha ndefu ya makatazo. Yeye alibandika kanuni moja tu, ile ya Injili ya kumtendea mwenzako kama unavyopenda kutendewa. Kisha akaifuata, na hapo ndipo kazi ilipo. Siku ya kazi ikawa saa nane, likizo ikawa ya malipo, mshahara ukapita kiwango cha mjini. Saa ya mlangoni hakuitaka: kila mfanyakazi aliandika mwenyewe muda wake.

Mwaka 1897 Chama cha Republican kilimsimamisha umeya, akashinda. Miaka miwili baadaye chama kikamtema, akagombea peke yake na kupata kama asilimia 70 ya kura.

Umeyani aliwanyang'anya polisi virungu, akawapa bakora nyepesi. Sheria ilimruhusu meya kukaa kiti cha hakimu wa mahakama ya polisi asipokuwepo mwenyewe, na Jones alipokikalia aliwaachia huru walevi, ombaomba na makahaba, akisema kosa lao kubwa ni kukosa pesa ya faini. Mimi nadhani mara nyingine alizidisha. Mwenye duka aliyeibiwa naye ana haki yake. Lakini waliokasirika zaidi hawakuwa wenye maduka madogo. Bunge la Ohio likamwondolea mamlaka hayo ya hakimu.

Mwaka 1903 vyama vyote viwili vilikuwa dhidi yake, na magazeti pia. Akashinda tena. Alifariki Julai 1904 akiwa bado meya, na maelfu walijitokeza kumzika, wakiwemo wengi aliowahi kuwaona kizimbani.