Bi Harusi, Umeuliza Nyumba Yako Inaangalia Wapi?



Msimu wa harusi ukifika tunajua kuuliza kila kitu: kochi la rangi gani, kitanda cha mninga au cha mvule, pazia za tabaka ngapi. Nyumba yenyewe haiulizwi. Wanapanga bwana harusi na fundi wake, sisi tunakabidhiwa funguo na joto lake.

Mwaka 2018 Dubai kulifanyika mashindano ya Solar Decathlon Middle East. Wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka nchi mbalimbali walijenga nyumba kamili za umeme wa jua, kule jangwani, zikashindanishwa kwa mambo kumi, yakiwemo hali ya hewa ndani ya nyumba na umeme unaotumika. Walioshinda ni wanafunzi wa Virginia Tech ya Marekani. Mashindano yenyewe yalianzia Washington mwaka 2002, na 2019 yakaja Afrika, Moroko.

Kilichonivutia mimi si paneli. Ni kwamba katika nyumba za namna hii kazi ya kwanza ni kulizuia joto lisiingie: kuta zisizopitisha joto, kivuli juu ya madirisha. Nyumba isiyopata moto haihitaji umeme mwingi, kwa hiyo hata sola ndogo inaitosha.

Na hili jamani si geni kwetu! Tazama nyumba za Mji Mkongwe: kuta nene za mawe na chokaa, dari ndefu, ua wa ndani ambapo mama anakaa na kanga yake, upepo unampata na mpita njia hamuoni. Sitara na hewa vilikwenda pamoja. Leo tunaezeka bati, tunaweka kioo kikubwa upande wa magharibi, kisha kwa ajili ya sitara tunafunga pazia nzito na kuwasha kiyoyozi. Israfu tunayoikemea kwenye biriani la walima, ukutani hatuioni.

Pepo zetu ni kaskazi na kusi. Basi madirisha yaelekee kaskazini na kusini, yawe na baraza juu yake au matofali ya matundu yanayoficha macho ya nje. Ukimwambia fundi kabla ya msingi, kugeuza ramani si gharama kubwa. Ukimwambia baada ya lenta, andaa pesa.

Mtasema sola ni ghali. Kweli, hasa betri. Anzeni na taa na feni. Pasi na kiyoyozi msivitie kwenye hesabu hiyo. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu gizani, hawahitaji kushawishiwa na mimi.

Kwa mnaoanza na nyumba ya kupanga: pazia la magharibi lishusheni mapema mchana, la kusini liwe jepesi, na mkiruhusiwa na mwenye nyumba, pandeni mwarobaini upande wa machweo.