Mipira Inayobeba Injini

Kijana mmoja wa hapa Kilwa ametuletea swali ambalo twaona litawafaa wengi. Nasema Kilwa yetu ya Katanga, kando ya Ziwa Mweru, wala si ile ya pwani ya Tanzania yenye magofu. Jina ni moja, maji ni mbalimbali. Kijana huyo amenunua Toyota Celica kuukuu, gari la mbio la milango miwili, kwa akiba ya miaka minne. Sasa gari latetemeka lisimamapo huku injini ikinguruma, na kila atiapo gia husikia mshindo kama wa nyundo juu ya bati. Mtu mmoja amemwambia kwamba injini imekwisha, anunue nyingine. Yeye auliza: Je, ni kweli? Na kama ni ile mipira tu inayoibeba injini, aweza kuibadilisha mwenyewe uani kwao, kwa jeki na mawe?

Asinunue injini kabla ya kuitazama mipira. Kuibadilisha mwenyewe aweza, kwa jeki ndiyo, kwa mawe la hasha. Hilo la mawe nitalirudia, maana hapo ndipo watu hupoteza maisha yao kwa ajili ya kitu kidogo kama ngumi.

Zamani injini nyingi zilifungwa kwa bolti moja kwa moja juu ya fremu, chuma kwa chuma, na kila pigo la silinda lilifika mifupani mwa abiria. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa magari ya Plymouth yaliyowekewa injini juu ya mpira. Mwaka uliofuata Citroën wa Ufaransa walinunua haki ya ufundi huo, wakautangaza kwa picha ya bata maji aeleaye. Picha hiyo ilisema kweli. Injini haikufungwa tena kama mateka, ilielea.

Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huiita mipira hiyo mauntingi. Kila moja ni vipande viwili vya chuma, na katikati mpira uliogandishwa navyo kwa moto. Nyingine zina maji mazito ndani yake. Katika Celica zilizotengenezwa tangu mwaka 1985, ambazo huvutwa na magurudumu ya mbele, injini imelazwa kimapana, nayo hushikwa na mauntingi kadhaa: hizi hubeba uzito, zile huizuia injini isipinduke. Maana injini izungushapo magurudumu, yenyewe hutaka kuzunguka upande wa pili, kama mtu asukumaye mtumbwi naye akarudishwa nyuma.

Mpira huuawa na joto, na miaka, na oili idondokayo juu yake, na mashimo ya njia. Kutoka Lubumbashi kuja kwetu ni yapata kilomita 350, na anayeijua njia hiyo katika miezi ya mvua hahitaji kuelezwa zaidi. Mpira ukichanika, injini hurukaruka ndani ya nyumba yake. Bomba la moshi hupasuka, mipira ya maji huvutwa, nyaya husuguana na chuma. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ni wa bei ghali.

Yafaa basi kupima kabla ya kufungua kitu chochote. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yatiwe kabari, breki ya mkono ivutwe. Mmoja akae ndani, mguu wake ukiikanyaga breki sawasawa. Mwingine afungue boneti na kusimama ubavuni. Asisimame mbele ya gari kamwe, hata kama aliye ndani ni ndugu yake. Wa ndani atie gia na kuiachia klachi kidogo tu, kisha atie gia ya nyuma na kufanya vivyo hivyo. Injini nzima hutikisika kidogo. Ikiinuka ghafla na kuanguka kwa kishindo, mauntingi imekatika. Mkizima injini, tazameni kwa tochi: mpira uliopasuka huonekana, na ile yenye maji huacha doa jeusi ilipovuja. Lakini ikiwa injini hukaa imara na mtetemo bado upo, ugonjwa uko kwingine, pengine katika plagi, nayo mipira isilaumiwe.

Hapa vijana wenye magari ya mbio huuliza: kwa nini nisitie mauntingi ngumu kama za mashindano? Ni kweli kwamba Celica ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986, tena mwaka 1994 ikiendeshwa na Ian Duncan, mwana wa Kenya. Lakini gari la Safari lilifuatwa na mafundi wenye vipuri, nalo lilikuwa na kazi ya siku chache. Mauntingi ngumu hupunguza mchezo wa injini, ndiyo. Mtetemo wote huupeleka katika bodi na viti. Kwa mtu anayekwenda kazini na kumpeleka mama yake zahanati, mpira wa kawaida wafaa zaidi. Wako pia wanaojaza vipande vya tairi penye ufa. Dawa hiyo huweza kukufikisha nyumbani, haizidi hapo.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza atafute oili ivujayo iko wapi na kuiziba, la sivyo mpira mpya utaliwa kama ule wa kale. Mauntingi mpya aiweke kando ya ile ya zamani, alinganishe matundu na kimo, kwa sababu magari ya jina moja hutofautiana kwa mwaka na kwa injini. Siku moja kabla, bolti zenye kutu zipakwe mafuta ya kulegeza. Injini iwe imepoa, na waya hasi wa betri uondolewe.

Gari likiinuliwa kwa jeki, likalishwe juu ya stendi za chuma, penye saruji au juu ya mbao nene zisizozama udongoni. Mawe hayafai, wala matofali: tofali hupasuka bila kutoa habari. Jeki peke yake haifai pia, kwa kuwa mafuta yake yakivuja hushuka yenyewe. Kabla ya kuingia chini alisukume gari kwa nguvu kwa mikono miwili. Likitikisika, aanze upya. Watoto wafukuzwe uani.

Halafu injini yenyewe ishikwe. Pamoja na giaboksi yake hupita kilo 100, nayo ikikosa mauntingi hushuka palipo na vidole. Jeki ya pili iwekwe chini ya bakuli la oili, katikati yake pakiwa na ubao mpana, ili bakuli lisibonyee. Ainue polepole mpaka uzito uondoke kwenye mpira, asizidishe, huku akitazama bomba la moshi na nyaya zisivutwe.

Afungue mauntingi moja tu. Aiondoe, atie mpya, aingize bolti zote kwa vidole, ndipo aende kwa nyingine. Mwenye kuzifungua zote pamoja ataona injini imeteleza na matundu hayakutani tena, naye atashinda hapo mpaka usiku. Bolti zisikazwe mwisho wakati injini ingali imeinuliwa. Aishushe kwanza ikae kwa uzito wake, ndipo akaze kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, kwa spana ya kupimia nguvu. Kama hana, aazime gereji. Mpira uliokazwa ukiwa umepindika hukatika mapema.

Zana zikihesabiwa na betri ikifungwa, awashe injini, arudie lile jaribio la gia. Baada ya siku chache za mwendo afungue boneti tena, injini ikiwa baridi, na kuzijaribu bolti kwa spana.