Lugha ya Chumba cha Picha: Kiswahili na Mafunzo ya Wataalamu wa Ultrasaundi

Mama mjamzito anayeishi Section 58, mtaa ulio upande wa mashariki wa jiji la Nakuru, akitumwa kupigwa picha ya tumbo hubeba karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Hulazwa kitandani katika chumba chenye mwanga hafifu, akapakwa jeli baridi tumboni, na kwa dakika kadhaa husikiliza maagizo: geuka kidogo, vuta pumzi, ibane, haya pumua. Mwisho hupewa karatasi ya pili, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Baina ya karatasi hizo mbili, karibu kila neno lililotamkwa chumbani humo lilikuwa la Kiswahili. La kushangaza ni kwamba Kiswahili hicho hakikufundishwa popote. Aliyekisema alikiokota njiani, kila neno mahali pake, kama aokotaye kuni.

Makala haya yanashikilia kwamba mafunzo ya wataalamu wa ultrasaundi nchini Kenya yana pengo la lugha, na kwamba wa kulaumiwa kwanza si vyuo vya tiba bali ni idara za Kiswahili. Wataalamu wa Kiswahili wamejadili kwa miaka mingi lugha ya mahakama, ya bunge, ya dini na ya matangazo ya biashara. Chumba cha picha wamekipita mlangoni.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini ultrasaundi, na si upasuaji au maabara? Sababu imo katika namna kazi yenyewe inavyofanywa. Anayepima damu hufanya kazi na chupa; mwenye damu yuko nje kwenye benchi. Anayepiga eksirei husimama nyuma ya kinga, na picha huchukua muda mfupi mno. Mtaalamu wa ultrasaundi, ambaye wagonjwa wengi humwita tu "daktari wa picha", hukaa bega kwa bega na mgonjwa, mkono wake ukiwa juu ya mwili wa mwenziwe, na wote wawili wakiwa macho. Kifaa cha mkononi hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia, yaani yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde. Mawimbi hayo husafiri katika nyama laini za mwili kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde, hugonga viungo na kurudi kama mwangwi. Mashine huugeuza mwangwi huo kuwa picha papo hapo. Kwa hivyo mtaalamu huona ugonjwa wakati uleule mgonjwa anapomtazama usoni. Akinyamaza ghafla, mgonjwa huusoma ule unyamavu. Hakuna mhudumu mwingine wa afya anayejua habari mapema kiasi hicho huku mwenye habari akiwa amelala mbele yake.

Isitoshe, picha yenyewe hutegemea maneno. Ini hujificha nyuma ya mbavu. Mgonjwa akivuta pumzi na kuibana, kiwambo hushuka na ini hutokeza likaonekana. Asipoelewa agizo, au akipumua kabla ya wakati, picha huharibika. Vivyo hivyo kwa kibofu: mwanamke anayepimwa nyonga kwa juu ya tumbo hutakiwa aje kibofu kikiwa kimejaa, kwa kuwa mkojo hupitisha mawimbi vizuri na husukuma matumbo kando. Akiambiwa tu "kunywa maji kisha uje", atakunywa, na kwa adabu yake atapita msalani kabla ya kuingia kwa daktari. Foleni itasubiri saa nyingine nzima. Agizo lilikuwa Kiswahili sahihi kisarufi, ila halikukamilika kimawasiliano, na tofauti hiyo ni jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa pragmatiki huifahamu tangu muhula wa kwanza.

Mafunzo yenyewe yana uzito wake, na haifai kuyabeza. Tangu timu ya Ian Donald ilipochapisha utafiti wake kutoka Glasgow mwaka 1958, ultrasaundi imekua kutoka udadisi wa hospitali moja hadi kuwa chombo cha kila siku. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya (KMTC), ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1927, hutoa stashahada ya sayansi ya picha za tiba, na baada yake stashahada ya juu ya ultrasaundi kwa wanaotaka kubobea. Wapo pia wanaovuka mpaka kwenda Kampala, kwenye taasisi ya Ernest Cook iliyoko katika Hospitali ya Mengo, ambayo imejijengea jina katika fani hii. Mwanafunzi hujifunza fizikia ya sauti, umbo la mwili, magonjwa, na zaidi ya yote hujifunza mkono: namna ya kuinamisha kifaa kwa pembe ndogo hadi figo itokee. Haya yote hufundishwa kwa Kiingereza, na hata Muhimbili, Dar es Salaam, ambako Kiswahili ndicho pumzi ya mji, lugha ya darasani ni Kiingereza. Kuna kinaya hapa. Masharti ya kujiunga na kozi za stashahada za KMTC hutaja alama ya Kiingereza au Kiswahili. Kwa maneno mengine, Kiswahili kinaweza kumfungulia mwanafunzi lango, kisha kikaachwa hapo langoni kama mwavuli.

Madhara yake ni yapi? Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili, nao unahusu vitenzi viwili ambavyo kila mwanafunzi wa mofolojia amewahi kuviandika ubaoni: kutoka na kutoa. Katika Kiingereza cha hospitali, neno "abortion" hutumika kwa mimba yoyote iliyokatika mapema, hata ile iliyoharibika yenyewe bila mkono wa mtu. Ripoti ya ultrasaundi inaweza kuandikwa neno hilo bila hatia yoyote. Mtaalamu kijana, aliyezoea kuifikiria kazi yake kwa Kiingereza, akiulizwa na mama "imeandikwa nini?", hutafsiri kwa pupa: "Inaonekana mimba imetolewa." Alichokusudia ni kwamba mimba imetoka, au imeharibika. Alichosikia mama, na pengine mume au mkwe aliyesimama karibu, ni tuhuma. Kwa kifungu cha 26 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa pale ambapo mhudumu wa afya mwenye mafunzo ataona kuwa kuna haja ya matibabu ya dharura, au kwamba maisha au afya ya mama imo hatarini, au ikiwa sheria nyingine imeruhusu. Basi silabi hizo zinaweza kuvunja nyumba, na zinaweza kumpeleka mtu polisi. Kiswahili kina tofauti ambayo Kiingereza cha ripoti hakina, na tofauti hiyo ni rehema kwa mgonjwa ikiwa tu msemaji anaijua.

Mfano mwingine una mzaha wa lugha ndani yake, ijapokuwa jambo lenyewe si la mzaha. Waswahili huliita kondo "la nyuma" kwa sababu hutoka baada ya mtoto. Ipo hali ambapo kondo hujishikiza chini kwenye mji wa mimba na kuziba njia ya mtoto, na ni ultrasaundi inayoiona mapema, kabla damu haijamwagika. Sasa mtaalamu amwambie mama kwamba kondo la nyuma liko mbele? Wengi hulikimbilia neno la Kiingereza na kumwacha mama na sauti ngeni sikioni. Ilhali Kiswahili kina kitenzi tayari: kondo limetangulia. Mama akiambiwa kwamba kondo limetangulia na limeziba mlango, kwamba akiona damu hata kidogo asingoje asubuhi, na kwamba huenda akahitaji kujifungua kwa upasuaji, ameelewa yote yanayomhusu. Sentensi hiyo haihitaji istilahi hata moja mpya.

Ndiyo maana hoja ya kwamba "Kiswahili hakina istilahi" haina mashiko hapa. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na baadaye Kamusi ya Tiba. Maneno yapo: wengu, kongosho, nyongo, kiwambo, kibofu. Kisichokuwapo ni mazungumzo. Kamusi haimfundishi kijana wa miaka ishirini na mitatu namna ya kumwomba mama wa rika la mamake alegeze nguo, wala namna ya kumweleza kwamba kipimo hiki kitafanyiwa ndani, ukeni, na si juu ya tumbo. Hapo panahitajika tasfida, na tasfida ina mipaka yake. Ikizidi, mgonjwa haelewi anachokubali, na kukubali bila kuelewa si kukubali. Ikipungua, mgonjwa hudhalilika. Anayejua kusema "mama, nakuomba radhi, kipimo hiki kinaingizwa kwa chini, na ukisikia maumivu uniambie nisite" hakuzaliwa akijua. Ama alifunzwa, ama aliwakosea wengi kabla ya kupata.

Wapo watakaosema kwamba Mkenya hahitaji kufundishwa Kiswahili cha kuongea na mgonjwa kwa kuwa anakiongea kila siku. Ni kweli kwamba jiji la Nakuru huongea. Kwenye kituo cha matatu Mkikuyu, Mkalenjin, Mluo, Mluhya, Mkisii na Mturkana huelewana kwa Kiswahili na Sheng bila mkalimani. Lakini lugha inayotosha kununulia viazi vya Molo haitoshi kumwambia mtu kwamba mtoto aliyembeba miezi saba hana mapigo ya moyo. Katika hali hiyo, kijana mwenye Kiswahili cha kituoni hufanya moja kati ya mambo mawili: hunyamaza na kusema "utaongea na daktari", au hulisema kwa Kiingereza ili maneno yasimguse yeye mwenyewe.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na lazima likubaliwe. Si kila anayelala kwenye kitanda hicho anajua Kiswahili. Bibi aliyetoka ndani ya Kuresoi au Mogotio anaweza kujua lugha yake tu. Mpango wa AMREF wa miaka ya 1980 kule Turkana unakumbusha jambo hili. Mashine ndogo za ultrasaundi zilipelekwa kwa wafugaji wanaohamahama ili kutafuta uvimbe wa maji unaoletwa na minyoo ya mbwa, ambao hupenda kukaa kwenye ini. Utafiti uliotokana na kazi hiyo ulichapishwa mwaka 1987 na kuonyesha thamani ya mashine hizo nje ya hospitali. Na hapo pia ini lilikuwa nyuma ya mbavu. Bila shaka kulikuwa na mtu aliyesema "bana pumzi" kwa Kiturkana. Kiswahili hakiwezi kuziba kila pengo. Kinaweza kuziba lililo kubwa kuliko yote, na anayejifunza kuongea na mgonjwa vizuri kwa lugha moja huwa mwepesi wa kutambua wakati anapohitaji mkalimani wa nyingine.

Sheria nayo haikunyamaza. Kiswahili ni lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi kwa kifungu cha 7 cha Katiba, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, ampe mgonjwa habari kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Nao wanaopimwa wanazidi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe kwa ultrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24, na mwaka 2022 mamia ya wahudumu nchini Kenya, wakunga wakiwamo, walianza kupewa vifaa vya mkononi na mafunzo ya kuvitumia. Chumba cha picha kinahamia zahanati, na lugha yake inahama nacho.

Katika Bonde la Ufa la kati mambo yamekaribiana kiasi cha kuondoa visingizio. Chuo Kikuu cha Egerton kina wanafunzi wa Kiswahili Njoro, na kina kitivo cha afya mjini Nakuru, safari ya matatu moja. Wanafunzi wa Kiswahili hutafuta mada za utafiti kila mwaka na kurudi kwenye riwaya zilezile tano. Wanaweza, kwa idhini ya hospitali na ya wagonjwa, kukaa kwenye benchi la nje na kukusanya maswali ambayo wagonjwa huulizana wenyewe baada ya kutoka: "amesema mtoto amekaaje?", "hii nambari ni ya wiki au ya miezi?" Wanaweza kuandaa maagizo ya pumzi, ya kibofu na ya kugeuka, yakajaribiwa na wanagenzi wa ultrasaundi na kurekebishwa na wagonjwa wenyewe. Somo la saa ishirini lingetosha kuanzia, likifundishwa na watu wawili, mmoja wa picha na mmoja wa lugha, na mtihani wake ukiwa wa mdomo. Mwanagenzi apewe ripoti ya Kiingereza na mtu wa kuigiza mgonjwa, kisha aseme yaliyomo. Atakayesema "imetolewa" mahali pa "imetoka" arudie, kama anavyorudia aliyekosa kuiona figo.