Dripu ya Nyumbani na Bima ya Familia za Wanajeshi

Bakteria wakishaingia ndani ya mfupa hawaondoki upesi. Kwa desturi mgonjwa hupewa viuavijasumu kwa dripu kwa muda wa wiki 6 hivi, na zamani siku zote hizo zilipita katika kitanda cha hospitali. Mwaka 1974 madaktari Rucker na Harrison wa Marekani walieleza jinsi watoto wenye ugonjwa wa kurithi unaojaza makamasi mazito mapafuni walivyotibiwa kwa dripu wakiwa nyumbani kwao. Tangu hapo utaratibu huo umeenea.

Mrija mwembamba hupitishwa katika vena ya mkono hadi ncha yake ikaribie moyo, mahali ambapo damu ni nyingi na huizimua dawa mara moja. Lakini mrija huo ukishikwa kwa mikono michafu huwa pia njia ya vijidudu. Kwa hiyo chupa ya dawa peke yake si tiba. Mfamasia huichanganya mahali palipotakaswa, damu hupimwa mara kwa mara ili ijulikane kama figo na ini ni salama, na jamaa wa mgonjwa hufundishwa kuusafisha mrija kwa maji ya chumvi. Katika nyumba ya mwanajeshi aliyepelekwa ng'ambo, jamaa huyo aghalabu ni mke au mume aliyebaki peke yake na watoto, pengine katika mji aliohamia juzi tu.

Bima ya TRICARE, inayohudumia wanajeshi wa Marekani, wastaafu na familia zao, hugharimia dripu ya nyumbani. Hata hivyo, mstaafu aliyetimiza miaka 65 hulipiwa kwanza na Medicare, bima ya wazee, kisha TRICARE hufuata. Tangu 2021 Medicare hulipia huduma ya kitaalamu ya dawa zinazoingizwa kwa pampu nyumbani kwa siku ile tu ambayo mtaalamu amefika. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa. Mfamasia anayesoma majibu ya damu siku ya Jumanne hana haja ya kubisha hodi ndipo kazi yake ihesabiwe kuwa kazi.

Ni kweli kwamba bima isilipe bila kuuliza. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2019, uliohusu wagonjwa 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, ulionyesha kuwa vidonge havikushindwa na dripu. Kidonge kikitosha, mrija wa nini? Lakini mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kinga hana kidonge cha kumpa kingamwili. Akitibiwa kwa dripu, huihitaji kila baada ya wiki 3 au 4, mwaka hadi mwaka, katika kila kambi ambako familia yake inahamishiwa.